Kabla hajawa staringi, Bogart alikufa sana

Wewe na mimi tulilelewa na sheria moja ya sinema: staringi hafi. Anaweza kupigwa risasi begani, atupwe mtoni, afungwe kamba, lakini filamu ikiisha atakuwa amesimama. Sasa fikiria jamaa ambaye kwa miaka mitano kazi yake ilikuwa kufa ndio staringi abaki amesimama. Huyo ni Humphrey Bogart. Leo ukitaja jina lake watu wanaona kofia, koti la mvua na moshi wa sigara, wanadhani alizaliwa hivyo.

Alizaliwa kwa familia ya kishua jijini New York, Desemba 25, 1899. Babake alikuwa daktari wa upasuaji. Mamake, Maud Humphrey, alikuwa mchoraji mwenye jina kubwa, na picha aliyomchora mwanawe akiwa mchanga ilitumika kutangaza chakula cha watoto. Yaani jamaa alikuwa kwa tangazo kabla hajajua kutembea! Akapelekwa Phillips Academy, shule ya wavulana wa matajiri, lakini 1918 ikamtimua. Akaingia jeshi la wanamaji. (Sisi tulioacha masomo njiani huwa tunawatafuta watu kama hawa ili tuwaonyeshe wazazi. Huyu usimkimbize kwa mamako bado, maana kilichofuata ni miaka mingi ya kusota.)

Alianzia kazi nyuma ya jukwaa la michezo ya kuigiza, baadaye akapandishwa mbele ya watu. Na hapo akabandikwa jina lake la kwanza. Unajua alikuwa akipewa kucheza nani? Kijana mpole wa tajiri, suruali nyeupe, raketi ya tenisi mkononi. Miaka ya 1920 yote ikaenda hivyo. Akajaribu Hollywood mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikamkataa, akarudi New York wakati uchumi wa Marekani umeanguka na kumbi nyingi hazina watu. Babake akafariki 1934 na kumwachia madeni.

Kisha 1935 akapata nafasi katika mchezo wa Robert Sherwood, The Petrified Forest. Safari hii hakuna raketi. Alicheza Duke Mantee, muuaji anayetoroka polisi. Watu walishtuka. Kampuni ya Warner Bros. ilipotaka kuugeuza mchezo huo kuwa filamu, ilitaka nafasi ya Mantee apewe Edward G. Robinson, ambaye tayari alikuwa staa. Mwigizaji mkuu, Mwingereza Leslie Howard, akawaambia kwamba bila Bogart na yeye hayupo. Wakanywea. Filamu ikatoka 1936. Howard aliuawa 1943, ndege aliyopanda ilipotunguliwa wakati wa vita. Bogart alipopata binti 1952, alimwita Leslie.

Ungedhani basi mambo yamenyooka. Wapi! Warner Bros. walimtazama wakaona sura ya jambazi, na mpaka 1940 alikuwa ametoka kwa zaidi ya filamu 25, nyingi akiwa mhuni wa pili au wa tatu. Robinson alimuua. James Cagney alimuua, akarudia. Katika The Return of Doctor X ya 1939 alicheza maiti iliyofufuliwa inayohitaji damu ya watu, uso umepakwa weupe na mstari mweupe kwa nywele. Katika Virginia City walimpa masharubu membamba na lafudhi ya Kimeksiko ambayo, kusema ukweli, ni aibu ya kutazama. Kukataa kazi kulimaanisha kusimamishwa bila mshahara. Ukiwa na kodi ya nyumba unaelewa.

Kilichomfungulia mlango ni kiburi cha mtu mwingine. George Raft, staa wa wakati huo, alikataa High Sierra. Bogart akaichukua. Alicheza jambazi aliyezeeka, na ndiyo, akafa tena, juu ya mlima. Tofauti ni kwamba safari hii watu walimlilia. Mwaka huo huo wa 1941 Raft akakataa tena The Maltese Falcon, kwa sababu mwelekezi wake, John Huston, hakuwa ameelekeza filamu yoyote. Bogart akawa mpelelezi Sam Spade, anayempeleka kwa polisi mwanamke anayempenda. Alikuwa na umri wa miaka 41. Mwaka uliofuata akacheza mwenye baa katika Casablanca, na jambazi wa jana akawa mpenzi wa kila mtu. Akicheza To Have and Have Not alikutana na Lauren Bacall. Bogart 44, Bacall 19. Hesabu hiyo nakuachia. Walioana 1945, na alikuwa mke wake wa nne.

Hapa ndipo mimi namheshimu. Angevaa lile koti la mvua mpaka kaburini na pesa zingeendelea kuingia. Badala yake, katika The Treasure of the Sierra Madre ya 1948, akamkubali Dobbs, ombaomba mchafu ambaye dhahabu inamla akili mpaka anawashuku wenzake. Mwisho wake ni kukatwa kwa panga. Staa mkubwa anarudi kufa, kifo kibaya, kwa hiari yake. Watengenezaji wa Tuzo za Oscar hawakumtaja hata miongoni mwa wawaniaji.

Lakini usimfanye malaika. Oktoba 1947 yeye, Bacall na mastaa wengine walipanda ndege hadi Washington kupinga kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti Hollywood. Waandishi na waelekezi kumi walikataa kujibu maswali ya kamati hiyo, wakaishia jela. Bogart aliposhinikizwa, alirudi nyuma: 1948 alitoa makala kwa jarida la sinema akisema yeye si mkomunisti na safari ile haikufaa. Mtu aliyecheza wanaume wasioogopa aliogopa. Miaka miwili baadaye, kampuni yake mwenyewe ikatoa In a Lonely Place, ambamo ni mwandishi wa filamu anayeshukiwa kuua, mwenye hasira inayomtisha hata mwanamke anayempenda. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake kali zaidi. Hakuna mahali anapojificha.

Halafu 1951 akaja huku kwetu. The African Queen ni hadithi ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Meli ya adui humo imetokana na Graf von Goetzen, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe ziwani Tanganyika 1916, Waingereza wakaiinua na kuiita Liemba. Waulize watu wa Kigoma. Huston aliwapeleka Bogart na Katharine Hepburn Congo na Uganda, na karibu kundi zima likaugua kwa sababu ya maji. Bogart na Huston walinusurika, na inasimuliwa kwamba ni kwa kuwa wao walikunywa wiski tu. Alicheza Charlie Allnut, nahodha wa mashua mbovu, mlevi, mwoga, mcheshi. Oscar yake ya pekee alipewa kwa kazi hiyo, akimshinda kijana Marlon Brando.

Hakutulia. Mwaka wa 1954 pekee ulimpata katika Sabrina akiwa tajiri kwenye vichekesho vya mapenzi, na katika The Caine Mutiny akiwa nahodha anayepoteza akili mbele ya mahakama, akisugua vyuma viganjani. Saratani ya umio ilimuua Januari 14, 1957, akiwa na miaka 57. Ile sigara haikuwa ya filamu tu.

Ukipata bando wikendi hii, anza na The Roaring Twenties umwone akilia aachiwe uhai mbele ya bastola ya Cagney. Usiku uweke The African Queen, umtazame anavyowaigiza viboko na nyani ili Hepburn acheke.