Henry Walter Bates, mtu aliyefumbua siri ya rangi za vipepeo

Henry Walter Bates alizaliwa mwaka wa 1825 huko Leicester, Uingereza. Akiwa na miaka 13 aliacha masomo, akaenda kujifunza kazi kwa mfanyabiashara wa soksi. Mwaka wa 1848 alisafiri Brazili pamoja na Alfred Russel Wallace. Alibaki miaka 11 katika bonde la mto Amazon, akiishi kwa kuuza wadudu aliokusanya.

Huko aliona vipepeo wasio na uchungu wowote wakiwa na rangi za vipepeo wachungu, ambao ndege huwaepuka. Mwaka wa 1862 alieleza sababu: anayefanana na mchungu haliwi, anazaa, na kizazi kwa kizazi mfanano unaongezeka. Jambo hilo liliipa nguvu nadharia ya Darwin.

Bates alifariki London mwaka wa 1892. Mpaka leo mwigo huo unaitwa kwa jina lake.