Maisha ya Daktari John Gibbon

Mdogo wangu wa kike alikufa kwa ugonjwa wa mapafu kabla hajatimiza mwaka mmoja. Nilimwona akivuta pumzi kwa taabu, nami sikuwa na la kufanya. Kwa hiyo napenda kuwaeleza habari za mtu aliyeona jambo kama hilo, asilisahau.

John Gibbon alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1903. Baba yake alikuwa daktari mpasuaji. Alipokuwa akijifunza kazi hiyo mjini Boston, yapata mwaka 1930, aliwekwa kumkesha mama mmoja ambaye mshipa wake wa mapafu ulizibwa na damu iliyoganda. Usiku kucha aliona damu yake ikizidi kuwa nyeusi kwa kukosa hewa. Kulipokucha akapasuliwa, lakini akafa. Ndipo Gibbon alipowaza kwamba, kama damu ile ingetolewa nje, ikatiwa oksijeni katika mashine na kurudishwa mwilini, labda yule mama angaliishi.

Wachache walimwamini. Lakini mkewe, Mary, alifanya kazi pamoja naye. Usiku Gibbon alizunguka mitaani na samaki mkononi, akikamata paka wasio na wenyewe wa kujaribia mashine. Mwaka 1935 paka mmoja aliishi kwa muda, mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu yake. Kisha vita vikaikatiza kazi hiyo. Baada ya vita wahandisi wa kampuni ya IBM walimsaidia.

Tarehe 6 Mei 1953 msichana wa miaka 18 alizibwa tundu la moyoni, na kwa dakika 26 uhai wake ulitegemea mashine tu. Akapona. Lakini mwaka huohuo watoto wawili waliopasuliwa kwa msaada wa mashine hiyo walikufa, na Gibbon akaacha kuitumia. Wengine wakaipokea kazi, wakaitengeneza zaidi.

Gibbon alifariki mwaka 1973. Mwaka 1975, huko California, Daktari Robert Bartlett alitumia mashine ya jamii hiyo, yenye utando kati ya damu na hewa, kwa mtoto mchanga ambaye mapafu yake yalishindwa. Mtoto akapona. Mashine yenyewe haiponyi ugonjwa. Huyapumzisha mapafu hata yapate nguvu.

Basi wenzangu, mkesha wa usiku mmoja ulizaa kazi ya zaidi ya miaka ishirini. Nami ninapochoka na vitabu vya sayansi, humkumbuka mdogo wangu, nikawasha taa tena.