Edgar Sengier: mkubwa wa Union Minière aliyetuma mawe ya Shinkolobwe ng'ambo mapema

Ukitoka Likasi ukielekea magharibi, kama kilomita 20 hivi, unafika Shinkolobwe. Jina hilo wengi wanalijua. Jina la Edgar Sengier halisikiki sana, ijapokuwa ni yeye aliyeamua mawe ya pale yaende wapi, na lini.

Sengier alizaliwa Kortrijk, Ubelgiji, tarehe 9 Oktoba 1879. Alisomea uenjinia wa migodi kule Louvain, akamaliza mwaka 1903. Mwaka 1911 akaingia Union Minière du Haut-Katanga, ile kompanyi iliyoundwa mwaka 1906 kwa ajili ya shaba yetu. Alipanda ngazi polepole mpaka akawa mkubwa wake.

Shinkolobwe yenyewe iligunduliwa mwaka 1915 na Mwingereza Robert Sharp. Wakati ule uraniamu haikuwa na kazi kubwa, watu waliitumia kutia rangi vyombo vya udongo na vioo. Kilichotafutwa ni radiamu, iliyokuwa ikitumiwa kwa kutibu kansa. Mawe yalipelekwa Olen, Ubelgiji, yakasafishwa huko, na kwa muda Union Minière ilikuwa karibu peke yake kwenye soko la dunia. Baadaye mgodi ukafungwa, maji yakajaa ndani. Mawe yaliyokwisha kuchimbwa yakabaki yamerundikwa juu ya ardhi.

Mambo yaligeuka Mei 1939. Sengier alikuwa London, na mwanasayansi Henry Tizard akamwambia achunge sana mali ile, maana ikiangukia mikononi mwa adui inaweza kuleta balaa kwa nchi zao zote mbili. Siku chache kisha, wanasayansi Wafaransa wa kundi la Joliot-Curie wakamfuata na habari za namna hiyo hiyo. Sengier hakuwa mtu wa fizikia, lakini alielewa kwamba mtu akija kukuonya namna ile, kitu kina uzito.

Oktoba 1939 akahamia New York, akiwa na mamlaka ya kuendesha kompanyi ikiwa Ubelgiji itavamiwa. Mwaka 1940 ikavamiwa kweli, na Wajerumani wakapata akiba kubwa ya uraniamu iliyokuwa huko. Basi Sengier, bila serikali yoyote kumwomba, akatoa amri: mawe mazuri yaliyorundikwa Shinkolobwe yatumwe Amerika. Yalikuwa tani kama 1,200, na ubora wake haukuonekana kwingine duniani: kwa wastani zaidi ya nusu ilikuwa uraniamu. Hapo Kanada ama Colorado, mgodi wenye sehemu ndogo kabisa ya asilimia ulihesabiwa kuwa mali.

Leo mtu wa Goma ama wa Lubumbashi akisikia mzigo wa haraka, anawaza avio kubwa za mizigo, zile nzee zilizobeba abiria miaka mingi kisha zikanunuliwa na kugeuzwa. Mwaka 1940 avio ya namna ile haikuwako. Na hata jumbo 747 ya mizigo, yenye kubeba tani 100 na kidogo, ingerudi mara 10 na zaidi kumaliza mzigo wa Sengier. Kwa hiyo ilikuwa treni. Mapipa ya chuma zaidi ya 2,000 yalipita reli ya Benguela mpaka bandari ya Lobito, Angola, kisha meli zikayavusha Atlantiki. Yalifika mwisho wa 1940, yakawekwa kwenye depo moja huko Staten Island, New York. Juu ya mapipa iliandikwa wazi ni kitu gani na kimetoka wapi. Hakuna aliyejali. Karibu miaka miwili yalikaa pale. Mwaka 1942 Sengier alijaribu kuwaeleza wakubwa wa Washington, lakini wao walikuwa wakimuuliza habari za kobalti.

Huku nyumbani, Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mshahara, kwa sababu vita ilipandisha bei ya kila kitu. Tarehe 9, kule Élisabethville, askari walifyatulia risasi umati uliokusanyika kwenye uwanja wa mpira. Makumi ya watu walikufa, akiwemo Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake. Sengier alikuwa mbali, New York, ila kompanyi ilikuwa ile ile yake. Vitabu vingi vinavyomsifu vinaruka ukurasa huo.

Tarehe 18 Septemba 1942, koloneli Kenneth Nichols wa jeshi la Amerika akabisha hodi kwenye ofisi ya Sengier. Sengier akataka kujua kwanza kama mgeni ana mamlaka ya kununua, ama amekuja kuongea tu. Haikupita nusu saa, mapatano yakaandikwa kwenye karatasi ya kawaida: mapipa ya Staten Island, na tani nyingine kama 3,000 zilizokuwa bado Katanga.

Kisha mgodi ukafunguliwa tena. Maenjinia wa jeshi la Amerika walikuja kusaidia kutoa maji, na kupanua viwanja vya avio vya Élisabethville na Léopoldville. Mzigo haukupita tena Lobito. Ulipanda treni mpaka Port-Francqui, yaani Ilebo, ukashuka kwa mto Kasai mpaka Léopoldville, halafu treni tena mpaka Matadi. Shehena 2 zilipotea baharini, moja kwa manowari ya Wajerumani, nyingine kwa ajali. Waliochimba na kubeba walikuwa Wakongomani, kwa mikono yao, bila kinga ya mionzi, na hawakuambiwa jiwe lile linaenda kufanya nini. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu likaangushwa Hiroshima. Sehemu kubwa ya uraniamu yake ilitoka Shinkolobwe.

Mwaka 1946 Amerika ilimpa Sengier nishani ya Medal for Merit, mgeni raia wa kwanza kuipata, lakini bila kutangaza sababu, maana mgodi ulikuwa bado siri. Alifia Cannes, Ufaransa, tarehe 26 Julai 1963. Madini mamoja ya kijani yaliyogunduliwa Luiswishi, karibu na Lubumbashi, yaliitwa sengierite kwa heshima yake.

Mgodi wake ulizibwa kwa beto wakati wa uhuru. Wachimbaji wadogo wadogo wakarudi baadaye kutafuta kobalti, ile ile ambayo wakubwa wa Washington waliiulizia. Januari 2004 amri ya rais ikawakataza. Julai mwaka ule ule shimo likaporomoka, watu wakafia ndani.