Erlang: Jamaa Aliyeipigia Foleni Hesabu

Jioni moja kwenye saiba karibu na Suuq Mugdi hapa Garissa, ayeyo wa mtaa wetu alikuwa anaongea na mwanawe aliye Minneapolis. Sauti ilikatika-katika hadi akadhani kijana ni mgonjwa. Kumbe meza ya nyuma kuna msee anadaunlodi filamu. Laini ni moja, na wote wako foleni moja.

Aliyeanza kuipigia foleni ya aina hiyo hesabu alikufa kabla hata ya kompyuta. Anaitwa Agner Krarup Erlang.

Alizaliwa 1 Januari 1878 katika kijiji cha Lønborg, Denmark. Babake alikuwa mwalimu wa shule. Akiwa na miaka 14 tu alipita mtihani wa awali wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, ikabidi aombewe ruhusa kwa sababu ya umri. Kwanza alirudi kufundisha shule ya babake. Chuo aliingia 1896, akamaliza 1901, kisha akashika tena chaki.

Mwaka 1908 kampuni ya simu ya Copenhagen ikamwajiri. Enzi hizo opereta ndiye aliunganisha simu kwa mkono. Swali lilikuwa la pesa: laini ngapi, opereta wangapi? Wakiwa wachache, wateja wanakasirika. Wakiwa wengi, unalipa watu wakae bure. Mwaka 1909 Erlang alionyesha kuwa simu hata zikipigwa ovyo ovyo, zinafuata hesabu. Mwaka 1917 akatoa fomula za kukadiria wangapi watakosa laini na wangapi watasubiri.

Usidhani alikaa ofisini tu. Alishuka mwenyewe kwenye mashimo ya nyaya barabarani kupima umeme unaopotea. Hakuoa. Wenye shida walimfuata hadi kazini, naye aliwasaidia bila kelele. Alikufa 3 Februari 1929 baada ya upasuaji, akiwa na miaka 51. Mwaka 1946 jina lake likawa kipimo: laini moja ikitumika saa nzima bila kupumzika, hiyo ni erlang 1.

Yeye alihesabu simu tu. Mitandao yetu inabeba sauti, video na data pamoja, kwa hivyo waliomfuata wakaongeza swali lingine: nani hawezi kusubiri? Sauti ikichukua zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo hadi sikio, watu wanaanza kukatizana. Faili inayodaunlodiwa haijali. Ndiyo maana ruta hupangwa hivi: sauti inapita mbele, lakini kwa kikomo, isije ikala laini yote, video inapewa fungu lake, data inagawana kilichobaki.

Mimi niliacha chuo kati, lakini hiyo niliielewa. Tulikaa na mwenye saiba usiku mmoja tukaipanga ruta yake. Spidi tuliishusha kidogo chini ya ile anayolipia, ili foleni ijipange kwetu, si kwa mtoa huduma. Hakuongeza hata shilingi ya laini.

Wiki iliyofuata ayeyo alirudi, akaongea nusu saa nzima, akatoka akicheka. Msee wa filamu naye aliipata filamu yake. Alichelewa kidogo tu.