Bulldog, munganga mwenye hakukosa match

Robert William Irvine alizaliwa mwaka wa 1853 ku Blair Atholl, ku milima ya Uskoti. Batu walimuita Bulldog, jina la imbwa yenye haiachilie kitu ikiisha kuuma.

Tarehe 27 mwezi wa 3, 1871, ku Edinburgh, Uskoti na Uingereza zilicheza match ya kwanza ya rugby kati ya inchi na inchi, bachezaji 20 kila upande. Bulldog alikuwa na miaka 17 tu, lakini aliingia kati ya bakubwa, na Uskoti ikashinda. Tangu siku ile mpaka 1880 hakukosa hata match moja na Uingereza.

Mwaka wa 1879 alikuwa kapitene wakati kombe ya Calcutta ilichezewa mara ya kwanza. Kule India, klabu moja ilikuwa imefunga. Rupia zake za feza baliziyeyusha, njo bakatengeneza ile kombe. Siku ile timu zilitoka sare.

Lakini rugby ya wakati ule haikulisha mutu. Irvine alisoma kazi ya munganga, akatunza bagonjwa ku Pitlochry, karibu na kwao. Alikufa mwaka wa 1897, hajafikisha miaka 50.