Martin Luther: Mtu wa Imani Aliyeshikwa na Hofu

Katika usharika wowote wamo watu ambao huketi ibadani huku wamebeba mzigo usioonekana. Mtu yu mzima, mara moyo waanza kwenda mbio, kifua chabana, mikono yatetemeka, jasho la baridi lamtoka, naye huona hakika kwamba anakufa. Amekwenda hospitali, amepimwa, ameambiwa moyo wake hauna kasoro. Lakini akirudi nyumbani jambo lile humrudia, juma hata juma, mwezi hata mwezi. Majirani husema amerogwa. Wengine husema ana pepo. Na yako maneno yamuumizayo kupita hayo yote, nayo ni ya ndugu Mkristo amwambiaye kwamba, kama angekuwa na imani, asingeogopa.

Kwa ajili ya watu hao tumechagua safari hii kusimulia habari za Martin Luther. Ndugu zetu Walutheri humheshimu kama baba yao, na sisi Waanglikana pia tumepokea mengi kutoka kwake. Wengi wetu twamjua kama mtu jasiri aliyesimama mbele ya Kaizari. Ni wachache wajuao jinsi mtu huyo alivyotetemeka.

Luther alizaliwa mji wa Eisleben, Ujerumani, tarehe 10 Novemba 1483. Baba yake, Hans, alifanya kazi ya madini ya shaba, na alitaka mwanawe awe mwanasheria. Lakini tarehe 2 Julai 1505, kijana akiwa njiani karibu na kijiji cha Stotternheim, radi ilipiga karibu naye. Kwa hofu ya kifo aliweka nadhiri pale pale kwamba atakuwa mtawa. Baada ya majuma mawili hivi aliingia katika nyumba ya watawa huko Erfurt.

Hofu haikubaki nje ya mlango. Alipoongoza Misa yake ya kwanza, tarehe 2 Mei 1507, alishikwa na woga mkubwa mbele ya altare, hata akatamani kukimbia. Alibaki, akamaliza. Baadaye alikuwa akiungama dhambi zake kwa saa nyingi, na bado hakupata raha. Mkubwa wake, Johann von Staupitz, alimsikiliza kwa uvumilivu, akampa kazi ya kusoma na kufundisha Maandiko. Huko Wittenberg, alipokuwa akifundisha Zaburi na Waraka kwa Warumi, alikuja kuelewa kwamba mtu hupokea haki ya Mungu kama zawadi, kwa imani, wala hainunui kwa jasho lake.

Mambo yaliyofuata yanajulikana: hoja 95 za mwaka 1517, kisha baraza la Worms mwezi Aprili 1521. Lakini hata huko Worms tukumbuke jambo moja. Siku ya kwanza alipoulizwa kama anayakana maandiko yake, alijibu kwa sauti ndogo, akaomba apewe muda wa kufikiri. Siku ya pili ndipo aliposimama imara. Ushujaa wake ulihitaji usiku mmoja.

Sasa mtu angedhani kwamba, baada ya kuijua neema, hofu zake zilikwisha. Sivyo. Mashambulizi yaliyo makali kuliko yote yalimpata akiwa mtu mzima wa miaka 43, mwalimu maarufu, mume wa Katharina von Bora, na baba wa mtoto mmoja.

Mwaka ule wa 1527, mwezi wa Aprili, alipatwa na kizunguzungu akiwa anahubiri, akalazimika kukatisha mahubiri. Kisha ikaja Jumamosi, tarehe 6 Julai. Asubuhi alishikwa na dhiki kubwa ya moyo. Hakuificha. Alimwita mchungaji wake, Johannes Bugenhagen, akaungama kwake na kumwomba maneno ya faraja. Mchana alikula pamoja na wageni. Jioni rafiki yake Justus Jonas alikuja na mkewe kula chakula, kwa kuwa Luther mwenyewe aliwaalika.

Walipokuwa wameketi, alilalamika kwamba sikio lake la kushoto linavuma kwa nguvu. Akainuka ili akalale. Alipofika mlangoni pa chumba akaishiwa nguvu, akaomba maji upesi, la sivyo atakufa. Jonas alishika maji ya baridi akammwagia. Mwili wake ulikuwa umepoa na uso umepauka. Akaanza kusali kama mtu anayeiaga dunia. Aliomba aletewe mwanawe Hans, mtoto wa mwaka mmoja tu, na mtoto akamchekea baba yake. Akamwambia Katharina kwamba hana mali ya kumwachia ila vikombe vichache vya fedha. Mama yule, ambaye wakati huo alikuwa mja mzito, alikuwa na hofu kubwa moyoni, lakini alimjibu kwa uthabiti na kumtia moyo. Tabibu Augustin Schurff akaitwa, akaagiza mwili upashwe moto. Polepole joto likarudi.

Hakufa. Kesho yake alikuwa dhaifu, lakini yu hai. Naye alimwambia Jonas kwamba dhiki ya moyo ya asubuhi ilikuwa mbaya kuliko ugonjwa wa mwili wa jioni.

Wala mambo hayakuishia hapo. Mwezi Agosti alimwandikia rafiki yake Philipp Melanchthon kwamba kwa zaidi ya juma zima alikuwa kama mtu aliyetupwa mautini na kuzimu, na mwili wote ukitetemeka. Aliwaomba rafiki zake wamwombee. Wakati huo huo tauni iliingia Wittenberg. Chuo Kikuu kilihamia Jena, nao wakubwa walitaka Luther naye aondoke. Yeye na Bugenhagen walibaki kuwahudumia wagonjwa na wanaokufa, na nyumba yake ikawa kama hospitali. Tarehe 10 Desemba Katharina alijifungua salama binti yao Elisabeth, lakini mtoto huyo alifariki mwaka uliofuata.

Basi tufikirie. Mtu huyu mwenye hofu nyingi ndiye aliyebaki mjini wakati wa tauni. Kuogopa na kuwa mwoga ni mambo mawili mbalimbali.

Luther alijifunza nini? Tunaona katika barua alizowaandikia wengine wenye mateso kama yake. Mwaka 1530 alimwandikia Hieronymus Weller, kijana aliyewafundisha watoto wake, akamshauri asikae peke yake, atafute wenzake, aongee, acheze na kucheka, wala asibishane na kila wazo linalomjia. Mwaka 1534 alimwandikia Matthias Weller, mpiga kinanda wa kanisa, kwamba huzuni ikimjia aende kwenye kinanda chake apige na kuimba. Tena katika mwaka huo huo alimhimiza mtawala Joachim wa Anhalt apande farasi, awinde, akae na watu wachangamfu, wala asione kwamba furaha safi ni dhambi. Mtu aliyeandika vitabu vingi vya dini hakuona haya kumwambia mgonjwa aende akale na rafiki zake.

Hakuwa mtu asiye na dosari. Aliyoyaandika juu ya Wayahudi mwaka 1543 ni machungu na ya aibu, na Walutheri wenyewe wameyakataa. Tena hatuwezi kumpima mgonjwa wa miaka karibu 500 iliyopita tukatoa jina la ugonjwa wake. Mvumo wa sikio na kizunguzungu huenda vilitoka katika maradhi ya mwili. Yeye mwenyewe aliziona dhiki hizi kuwa ni mashambulizi ya Ibilisi. Hata hivyo hakumfukuza tabibu. Alimwita mchungaji asubuhi, na tabibu akaja jioni.

Siku hizi waganga wa hospitali wanaijua vizuri zaidi hofu hii ya ghafla. Mwili una njia ya kujitayarisha kukimbia hatari. Humwaga katika damu kitu kiitwacho adrenalini, moyo hudunda, pumzi huenda mbio. Mara nyingine njia hiyo huwaka pasipo hatari yoyote. Kupumua haraka mno huleta kizunguzungu na ganzi ya vidole na midomo, naye mgonjwa akiona hivyo huogopa zaidi, na hofu huzaa hofu. Kwa kawaida hupanda kwa dakika chache, kisha hushuka. Inatisha sana, lakini hofu hiyo yenyewe haiui. Inatibika kwa mazungumzo na mshauri aliyefundishwa, na kwa wengine kwa dawa.

Kwa hiyo, ndugu uliye katika hali hii, kwanza nenda ukapimwe, maana maumivu ya kifua si jambo la kukisia nyumbani. Ukiisha kuambiwa kwamba moyo ni mzima, usiendelee kupigana peke yako. Mwambie mtu mmoja unayemwamini. Hofu ikija, keti, toa pumzi polepole, ngoja ipite. Usikubali ikufungie ndani. Rudi kidogo kidogo mahali ulipopaogopa, hata kama ni kiti cha nyuma kanisani, karibu na mlango. Na sisi wengine tusimwulize mwenzetu imani yake iko wapi. Tumfanyie kama Jonas: tumpe maji, tukae naye, tumwite tabibu.

Luther alifariki tarehe 18 Februari 1546, mjini Eisleben alikozaliwa, baada ya kubanwa na maumivu ya kifua. Tangu usiku ule alipoaga mke na mtoto ilikuwa imepita miaka 18 na zaidi. Katika miaka hiyo alimaliza kutafsiri Biblia nzima, iliyochapwa mwaka 1534, alilea watoto, alitunga nyimbo, alifundisha na kuhubiri. Hofu ilimrudia mara kwa mara, lakini haikupewa neno la mwisho juu ya maisha yake.

Mungu wa faraja awakumbuke wote ambao usiku wa leo mioyo yao itadunda gizani, awape mtu wa kukesha pamoja nao, na awafikishe asubuhi. Amina.