Maisha ya Anton Wilhelm Amo, mwalimu wa filozofi

Wote tunajua jina la Descartes. Lakini kulikuwa Mwafrika mumoja aliyemubishia Descartes kwa maandiko, tena kwa Kilatini. Jina lake ni Anton Wilhelm Amo.

Alizaliwa karibu na mwaka 1703 kule Axim, katika inchi inayoitwa leo Ghana. Angali mutoto mudogo, kompani ya biashara ya Waholandi ilimupeleka Amsterdam. Kama alinunuliwa ao alitumwa asome, wenye kuandika habari zake hawapatani. Kisha akatolewa zawadi kwa mutawala wa Braunschweig-Wolfenbüttel, Ujeremani. Zawadi, sawa vile mutu anatoa mbuzi! Mwaka 1708 alibatizwa Kiluteri, akapewa jina la mutawala na la mwana wake.

Hata hivi walimusomesha. Mwaka 1727 aliingia universite ya Halle kujifunza sheria. Mwaka 1729 alisimama mbele ya walimu kutetea kazi yake juu ya haki za watu weusi katika Ulaya. Alifungua sheria za zamani za Roma, akaonyesha kwamba wafalme wa Afrika walipata haki zao kwa kaisari. Basi akauliza: Mwafrika aliyenunuliwa na Wakristo, sheria inamuhesabu mutumwa mupaka wapi? Ile kazi imepotea yote. Kwangu mimi ni hasara kubwa kuliko zote, maana vitabu vyake juu ya akili viko, na hiki kilichogusa ndugu zake hakiko.

Mwaka 1734, kule Wittenberg, mji wa Luther, alitetea tezi yake. Descartes alifikiri kwamba akili nayo inasikia pamoja na mwili. Amo alikataa: ukijikata kidole, ni mwili wenye uzima unaosikia uchungu, akili inajua tu. Tangu 1736 alifundisha Halle, kisha Jena.

Karibu na 1747 akarudi Axim. Munganga wa meli, Gallandat, alimukuta kule: baba yake na dada yake walikuwa wazima, lakini kaka yake alikuwa mutumwa kule Suriname. Nyuma yake Amo alihamia mu ngome ya Shama, na inazaniwa alikufa pale karibu na 1759. Ngome ile ya biashara ya watumwa ilikuwa ya kompani ya Waholandi.